Sura za Kinamasi

Jumatatu, 3 Machi
Mkutubi ameniletea riwaya ya duara letu la wasomaji niijalidi upya. Nene kama tofali. Malkia asiye na kivuli, joka, mpishi, safari. Nakala ni moja, tunapokezana, na zamu ya kwanza ni yangu kwa kuwa uzi na gundi ni vyangu. Mwisho wa mwezi tunachagua mwenyekiti. Fundi Saa, jirani yangu wa duka la pili, anakitaka kiti. Mimi nakitaka zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Nimefika katikati. Wameingia kwenye kinamasi. Wanatembea. Wanapika. Wanatembea tena. Malkia analilia viatu. Joka halijaonyesha hata mkia. Mwendo wa konokono mwenye homa.

Ndipo wazo likanijia, nikacheka peke yangu. Nimezitoa sura zote za kinamasi na kushona kilichobaki. Kazi safi. Namba za kurasa zinaruka, lakini nani husoma namba? Siku ya mkutano nitaeleza mambo asiyoyajua mwingine yeyote. Wote midomo wazi. Kiti changu.

Jumapili, 16 Machi
Kitabu kiko kwa wenzangu. Zile sura ziko chini ya godoro. Leo nimezisoma vizuri, ili niwe na la kusema. Sikujua nilichokikata. Mpishi anamwambia malkia viatu vyake vilishonwa na adui. Kisha anabaki peke yake na joka ili wenzake wavuke, analisimulia mapishi mpaka linasinzia. Nilifuta machozi kwa kitambaa cha gundi. Kope zimeshikana.

Ijumaa, 28 Machi
Mkutano, chumba cha nyuma cha maktaba. Fundi Saa akasema mwendo wa kitabu hiki ni wa saa mpya: ukurasa huu malkia yuko msituni, unaofuata yuko mlangoni kwa joka. Muuguzi, mwenzetu wa duara, akaafiki. Kasoro ni moja tu, akasema Fundi Saa, yule mpishi. Anatajwa, halafu anapotea kama soksi. Bora mwandishi angemwondoa.

Damu ikanipanda. Nikasimama, nikawaeleza kinamasi chote, mpaka mapishi. Muuguzi akanigusa kipaji cha uso kuona kama nina homa.

"Ndugu yangu," akasema Fundi Saa kwa upole, "kitabu hiki hukukisoma. Umekiota."

Mkutubi akauliza ni ukurasa wa ngapi. Nikakohoa.

Mlango ukafunguliwa. Mke wangu, macho mekundu, kurasa mkononi. Alikuwa anatandika kitanda, akazikuta, akakaa kusoma. Amekuja kuuliza kama mpishi anapona, maana kurasa za chini ya godoro zinaishia pabaya.

Jumamosi, 29 Machi
Mkutubi alinisema mpaka masikio yakawaka. Adhabu: nizirudishe sura zote mbele yao, hapa karakanani, na kila moja isomwe kwa sauti kabla sijaishona.

Nilitarajia aibu. Imekuwa raha. Mke wangu alikuwa mpishi, muuguzi malkia, Fundi Saa akanguruma kama joka hadi wapita njia wakaingia kusikiliza. Sura ya mwisho hakuna aliyecheka. Fundi Saa alipangusa miwani muda mrefu, akasema bila kutembea na mpishi taratibu hivyo, mtu angemliliaje. Hayo nilikuwa nayo moyoni mimi. Ameniwahi.

Ghafla muuguzi akaruka kitini. Yule bibi wa ukurasa wa mwisho, anayemfungulia malkia lango akiwa na upawa mkononi, ambaye sote hatukumwelewa? Ndiye yeye. Mpishi alipona.

Tukapiga makofi kama tumepata mtoto. Mimi na Fundi Saa tukakumbatiana, sindano ikiwa bado mkononi mwangu. Akapiga yowe, akasamehe. Uenyekiti amepewa mke wangu kwa kura zote, hata yangu, niliyoitoa baada ya kukanyagwa mguu.

Jumatatu, 7 Aprili
Juzuu ya pili imefika. Mkutubi amesema ikirudi atazihesabu kurasa. Azihesabu. Haitapungua hata moja. Ila joka lililokufa juzuu ya kwanza linafufuka mwishoni kabisa, msomaji ameshachoka. Lingependeza zaidi sura ya tatu. Nalihamisha tu. Fundi Saa atanishukuru.