Tela la Mama Mkwe

Ndesanjo,
Nyumba ya bati jekundu, nyuma ya ghala la magunia,
Elerai, Arusha.
Jumamosi, 10 Septemba 1994

Kwa Mzee Abdiel,
Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Akheri.

Baba Mkubwa, shikamoo.

YAH: KUPINGA HUKUMU YA KUKATWA KWA NDOANO YA TELA LANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ng'ombe wanatoa maziwa. Mimi ni mzima wa mwili tu. Ninaandika kwa sababu siku ya kikao niliwekwa kwenye kigoda cha mlangoni, na kila nilipofungua mdomo nililetewa chai. Naomba basi isomwe mbele ya wazee wote, pamoja na wale wawili waliosinzia kuanzia sala ya kufungua hadi sala ya kufunga, na kwa ajili yao naanza mwanzo.

Mimi ni mkwe wenu, mume wa Aikande, binti wa mdogo wako Mzee Ephraimu. Ni mtu wa Machame, na hapa mjini nauza friji zilizotumika Ulaya. Tangu Serikali ilegeze kamba za biashara, kontena huja na ulichoagiza na usichoagiza. Mwaka huu, nyuma ya friji, nilikuta pikipiki ya Kijapani. Si kama zile za mabwana shamba. Hii wenyewe huiita kruza: ndefu, nzito, kiti kiko chini kama kochi, usukani mpana kama pembe za maksai, na dereva hunyoosha miguu mbele kama mtu anayeota moto jikoni. Niliilipia ushuru wote, nikaipenda.

Shitaka ni kwamba nyuma ya pikipiki hiyo nilichomelea ndoano ya kuvutia tela, nikaunda na tela lenyewe kwa mikono yangu, nikampandisha Mama Mkwe. Mkahukumu ndoano ikatwe, nitoe kondoo wa kuondoa aibu, na Aikande abaki kwa baba yake mpaka hayo mawili yatimie. Pikipiki na tela mmevishikilia kwenye migomba ya Mzee Ephraimu kama kidhibiti. Kwa heshima zote, sikubaliani, na sababu zangu ni hizi:

1. Tela lilizaliwa na adabu. Goti la kulia la Mama Mkwe (jina lake silitaji, na nilishangaa mjumbe mmoja kulitaja mbele yangu) halikunji tangu alipoteleza kwenye mfereji wa kahawa. Hata hivyo alikuwa akishuka kwa miguu hadi sokoni Tengeru na mkungu kichwani, huku mkwe wake ana pikipiki. Watu walishaanza kusema. Sasa ningefanyaje? Nimpakie nyuma yangu? Kwenye kruza abiria humlalia dereva mgongoni, na asipomkumbatia kiunoni anabaki barabarani. Niambieni ni ukoo gani, wenu au wetu, unaoruhusu mkwe kushikwa kiuno na mama mkwe wake mbele ya wauza vitunguu. Na hata mila ingefumba macho, goti lisilokunja halikai kiti cha nyuma. Kwa hiyo nilitafuta namna ya kumbeba bila kumgusa, bila kumpa mgongo karibu mno, na bila kumtazama usoni. Jibu likawa tela. Nilitegemea kupongezwa, nikaletewa chai.

2. Chuma cha ndoano sikukichagua kwa jeuri. Ndoano ya kwanza ilikuwa ya nondo, nikaifunga kwenye madigadi ya nyuma, nikajaribu kwa viazi. Pale Sanawari madigadi, namba za pikipiki na viazi viliamua kubaki, mimi nikaenda hadi Tengeru nikiimba. Nikaelewa kwamba Mama Mkwe anahitaji chuma kisicho na utani. Katika Arusha nzima chuma cha namna hiyo nilikijua kimoja tu, nacho kilikuwa chumbani kwangu. Ni kile kitanda chetu cha zamani, chenye springi za kusuka na virungu vya mviringo kwenye pembe nne. Nilipopima kirungu kimoja, kiliingia kwenye bakuli la kuungia tela kama vile fundi wake alinijua. Nikakata. Kirungu kikawa ndoano, mbavu za kitanda zikawa mti wa kuvutia, fremu na springi zikawa tela. Aikande nilimwambia kitanda kimekwenda kupakwa rangi, na msema kweli ni mpenzi wa Mungu: nilikipaka rangi, ya bluu, mikono miwili.

3. Nakuja Jumapili ya mavuno, siku ya msiba wangu. Kwa kuwa ninyi wazee mlikaa mbele karibu na madhabahu, hamkuona vizuri. Baada ya ibada mnada ulifanyika nje kama kawaida, kila mtu na sadaka yake, huyu kuku, yule mahindi. Tela langu lilijaa mikungu ya ndizi, na Mama Mkwe amekaa katikati na mwavuli wake. Mzee wa kanisa Hans, ambaye akishika mnada huuza chochote kisichokimbia, alinadi mkungu mmoja mmoja mpaka ndizi zikaisha. Chini ya ndizi akaona springi. Hakujua kwamba ni tela. Akatangaza kwa sauti ile yake kwamba sasa tunacho kitanda cha chuma, cha kizungu, springi zote nzima, kirungu kimoja tu hakipo, nani anaanza na kuku. Mama Mkwe alikuwa bado yuko juu yake. Aikande akatoka kwenye kundi la akina mama, akainama, akatazama chini ya mama yake, akaona, pale ambapo brashi yangu haikufika, alama ya pasi aliyoichoma mwenyewe kwenye fremu ya kitanda mwaka tuliooana. Alisimama, akakunja kanga, akapanda njia ya kwa baba yake bila kunitupia hata jicho.

Ndipo minong'ono ikaanza, na sikatai kwamba ina msingi. Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe wake, sembuse kukaa kitandani mwake, sembuse kukaa kitandani mwake uwanjani mwa kanisa na kunadiwa pamoja nacho. Lakini naomba wazee wajiulize: chuma kikishawekewa magurudumu, ni kitanda bado? Askari wa barabarani pale njia panda alilizunguka tela lile kwa makini, akapiga tairi teke, akauliza taa za nyuma ziko wapi. Hakuniuliza kwa nini naendesha kitanda. Serikali ikishaona tela, ukoo unaonaje godoro?

4. Na kama mtasisitiza kwamba ni kitanda, basi tukifukue vizuri. Kilitoka wapi? Kilitoka kwenu. Siku ya harusi yangu vijana wenu walikibeba mabegani, akina mama wakapiga vigelegele, na wewe mwenyewe Baba Mkubwa ukasimama ukasema kwamba ni kitanda imara, mdogo wako na mkewe wamekilalia miaka yao yote ya ujana. Yaani ninyi, kwa hotuba na vigelegele, mlimlaza mkwe kwenye kitanda cha mama mkwe wake. Yeye kakaa kwenye changu siku chache, mchana, amevaa viatu na kofia. Mimi nimelala kwenye chake miaka sita, usiku, nimejifunika. Kama kuna kondoo wa kutolewa, wa kwanza ni wenu. Nilinyamaza muda wote huo kwa sababu mimi ni mkwe mwenye adabu, na kitanda kilikuwa kizuri.

5. Kuhusu kondoo wenu: nimeshampata, yuko hapa uani, anakula maboksi ya friji. Mmesema lazima afike Akheri akiwa hai na bila kutembezwa kama mbuzi wa mnadani. Magari ya abiria hayamtaki. Chombo pekee kinachoweza kumfikisha ni tela, na tela mmelishika, na mmeamuru ndoano yake ikatwe kabla kondoo hajapokelewa. Naomba mwongozo. Aidha, tuseme mmeniachia tela kwa siku moja, je, kondoo aliyelala kitandani mwa mkwe njia nzima kutoka Elerai ana usafi wa kukitakasa kitanda hichohicho? Au naye atahitaji kondoo wake? Nikimleta huyo wa pili kwa tela lilelile tutafika wapi? Sisemi kwa kejeli. Nimelifikiria jambo hili sana, na sasa hivi hata kondoo mwenyewe ananitazama kwa wasiwasi.

6. Aikande. Hapa, Baba Mkubwa, naomba msomaji asome polepole. Yote hayo hapo juu naweza kuyavumilia, hili siwezi. Mke wangu ana tabia ya kuzisikiliza friji. Anaweka kiganja kwenye ubavu wa friji anasema hii itakufa kabla ya Krismasi, na kweli inakufa. Tangu aondoke nimeuza tatu bila mtu wa kuzisikiliza, na zote zimerudi na wenyewe wamekasirika. Jioni napika chai ya watu wawili kwa mazoea. Ametuma neno kwamba mambo ya mila hayamuumizi kichwa, ila harudi kwenye nyumba ambayo kitanda kinaweza kutoka asubuhi kwenda sokoni. Nikilivunja tela ili nirudishe kitanda, kikao kitasema nimeharibu kidhibiti. Nisipolivunja, sina kitanda, na bila kitanda sina mke. Nalala chini kwenye boksi lililoandikwa kwa Kijerumani upande huu juu. Namtaka mke wangu, na sijui niliseme hilo kwa namba ngapi ndipo lisikike.

7. Maombi yangu basi. Kwanza, ndoano isikatwe, kwa sababu bila ndoano hakuna tela, bila tela Mama Mkwe atarudi kubeba mikungu kichwani, na bila mimi kwenye usukani hakuna mtu wa ukoo huu awezaye kuiendesha pikipiki ile. Ni chombo cha mwanamume mwenye kifua na uzoefu. Pili, Aikande arudi Elerai wakati rufaa inasikilizwa. Tatu, na hili ndilo suluhisho lenyewe: wazee wote wa kikao, kuanzia kwako Mwenyekiti, mpande tela langu kwa zamu, kutoka Akheri hadi Tengeru na kurudi. Mtu mmoja akikaa kwenye kitanda cha mkwe ni aibu. Ukoo mzima ukikaa, inakuwa desturi, na wajukuu watatuuliza tu ilianza mwaka gani. Nitawaendesha polepole. Kwa yule mjumbe mnene nitaongeza upepo kwenye tairi.

Nikiwa na matumaini kwamba kikao chako kitalitazama shauri hili kwa macho mawili na si kwa sikio la Hans, naomba nikomee hapa. Nisalimie Mzee Ephraimu, mwambie sina kinyongo naye ingawa ndiye aliyependekeza msumeno. Wasalimie mashangazi wote, jirani Lydia na mtoto wake mchanga, Mzee Hans kwa kiasi, na ng'ombe mwenye pembe moja. Salamu za Mama Mkwe zipitishwe kwa mtu mwingine, kama inavyostahili. Aikande mwambieni nimepata blanketi.

Mimi mkwe wenu mtiifu, niliyeko chini,

Ndesanjo

Nyongeza, Jumatatu asubuhi. Barua hii haikutoka Jumamosi kwa kuwa posta ilishafungwa, na nashukuru.

Jana baada ya ibada nilisikia ngurumo ninayoijua inapanda njia ya kwangu. Nikachungulia, kisha nikajificha nyuma ya mlango kama inavyotakiwa, kwa maana aliyekuwa kwenye usukani wa pikipiki yangu ni Mama Mkwe. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka mbele, unyayo kwenye kikanyagio na goti limetulia kana kwamba Wajapani walikuja Akheri kulipima kwanza. Nimeambiwa alijifunza migombani, siku zile wazee mlipokuwa ndani mnanijadili. Kwenye tela kulikuwa na kitanda kipya cha mbao, Aikande amekaa ukingoni, na Mzee Ephraimu mwenyewe amelala chali juu yake ili kisiruke.

Mama Mkwe hakuingia ndani wala hakunitazama. Alizungumza na mwanawe, na mwanawe akaniletea maneno nyuma ya mlango. Kwamba kitanda kile alikitambua siku ya kwanza kabisa, kwani nani atasahau kitanda alichozalia. Kwamba alinyamaza kwa sababu njia ya Tengeru ni mbaya na springi ni laini. Kwamba msumeno ameutupa chooni. Kwamba pikipiki na tela havirudi, maana ameshapata mizigo ya watu wa soko la Jumatano. Na kwamba kwa yote hayo nipokee mke na kitanda, tuwe tumemalizana.

Nilikubali kabla Aikande hajamaliza kusema.

Kwa hiyo, Baba Mkubwa, naomba namba moja mpaka saba zisisomwe kikaoni, hasa pale niliposema kuhusu kifua na uzoefu. Kondoo atafika Jumatano kwa tela. Nauli nimeshamlipa Mama Mkwe, kupitia mtu. Naomba radhi pia kwamba mwandiko huu wa mwisho ni wa haraka. Kazini siku hizi nakwenda kwa miguu, na leo nimechelewa kuamka.