Namna ya Kuvuka Barabara ya Dodoma

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimeshindwa tena kuvuka. Dakika arobaini ukingoni, na suti yangu ya kahawia, kofia mkononi. Mabasi ya Dodoma, malori ya Dar es Salaam, bodaboda pande zote. Nilimwinulia mkono kila dereva kwa adabu. Wengi waliniinulia mkono pia, wakapita.

Ng'ambo, Mama Josephina anauza machenza yake ya Mgeta. Yeye ni mjane. Nami ni mgane wa miaka minane. Mwanawe, Leonard, anakuja Jumapili adhuhuri kutaka jibu: mama ahamie kwake Dodoma, au abaki hapa Msamvu. Nakusudia kumwomba abaki. Abaki kwangu, yaani. Naiomba radhi shajara hii kwa kulisema jambo hilo wazi kiasi hicho.

Fransisko, dereva mstaafu wa treni, anaishi upande uleule wa Mama Josephina. Hana cha kuvuka. Siku nzima ameketi kwenye kigoda pekee kilichopo pale, akila machenza. Leo alinipungia ganda.

Jumanne, 4 Juni

Ushindi! Nilivaa suti yangu nyeupe ya Kaunda, iliyoshonwa kwa jubilei ya parokia, ili Mama Josephina anione nadhifu. Nilipofika ukingoni, basi la kwanza likapunguza mwendo. La pili pia. Malori yakawa yanatambaa. Nilivuka polepole, nikiinamisha kichwa kushoto na kulia kushukuru.

Kumbe heshima kwa wazee haijatoweka nchini! Nilimweleza hayo Mama Josephina kwa kirefu, nikiwa nimesimama, kwa kuwa kigoda kilikuwa na Fransisko. Alinisikiliza akibana midomo. Fransisko akauliza kama wazee wanaovaa kahawia hawastahili heshima. Sikumwelewa. Nilinunua machenza sita, nikarudi bila kulitamka neno lenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Nimevuka tena, na nimeelewa. Aibu iliyoje! Mama Josephina ndiye aliyenifahamisha, kwa upole, akifuta machozi ya kicheko. Madereva wakiona mtu wa nyeupe kando ya barabara hudhani ni trafiki. Jana, alisema, walikuwa wakimulikiana taa njia nzima kuonyana juu yangu.

Fransisko ameanza kuniita Afande. Alinipigia saluti, chenza mdomoni.

Nimeapa kutoivaa tena suti hiyo. Haifai kuwatia watu hofu safarini.

Baada ya chai ya jioni: Nimetafakari upya. Sikumdanganya mtu. Kitambaa ni cheupe, ndivyo kilivyonunuliwa. Wanaodhani ni wao. Aidha, nimegundua kwamba Fransisko huenda kulala kila siku saa nane mchana. Kigoda hubaki kitupu saa nzima.

Alhamisi, 6 Juni

Saa nane kamili. Nyeupe tangu kofia hadi viatu. Nilikuwa katikati ya barabara, hotuba iko tayari, lori la saruji liliposimama mbele yangu. Dereva akashuka, leseni mkononi, akaomba msamaha. Nikamwomba msamaha mimi. Akasema kosa ni lake. Nikasisitiza kuwa ni langu. Akakataa katakata. Ili kumtuliza, niliipokea leseni, nikaisoma yote, nikampongeza kwa picha.

Nyuma yake magari yalikwisha kupangana hadi stendi. Abiria wakashuka, wakayamaliza machenza ya Mama Josephina kwa robo saa. Mmoja aliniuliza kama daraja limekatika. Nilimwomba radhi kwa kutojua.

Ndipo alipofika trafiki wa kweli, Afande Jesca. Binti mwenye malezi. "Shikamoo, babu," alisema; kisha akataka kujua natoka kituo gani. Nilimjibu kuwa mimi ni mgane. Hatimaye akanikataza kuvaa nyeupe karibu na barabara, hata leso. Niliomba ruhusa ya kumtaka radhi kila dereva. Nilikuwa nimefika gari la tisa aliponishika mkono, akasimamisha pande zote mbili, akanivusha salama salimini.

Akanivusha upande wangu.

Jumamosi, 8 Juni

Jana sikutoka, kwa fedheha. Leo nimefungua dirisha: Mama Josephina yuko mbele ya nyumba yangu! Meza, machenza, kigoda, vyote. Hatua kumi na mbili kutoka mlangoni.

Nilitoka na kandambili. Akasema amehama kwa sababu mabasi ya Dodoma husimama upande huu. Halafu akasema huo ni uongo. "Mzee Eustace, barabara nimekuvukia mimi. Leonard anakuja kesho. Una neno?"

Kigoda kitupu. Hakuna hata baiskeli baina yetu. Nilimtaka radhi, nikamwambia neno hilo lahitaji maandalizi, atalipata kesho kabla ya adhuhuri. Aliyapanga upya machenza yake mezani. Kisha akaniuliza kama nataka chenza.

Nimelipima jambo hili. Mwanamume anayetokea hatua kumi na mbili, tena kwa kandambili, ni mnunuzi tu. Posa haina budi kutoka mbali. Mpango ni huu: nitavuka kwenda ng'ambo alfajiri, barabara ikiwa tupu, saa nne nitamjia kwa heshima zote, nikitokea upande wa pili.

Jumapili, 9 Juni

Nilivuka saa kumi na moja alfajiri bila taabu yoyote. Sasa ni saa saba mchana. Naandika haya nikiwa ng'ambo.

Suti ya kahawia madereva hawaioni kabisa. Fransisko naye amekwama, magoti hayamruhusu. Tumeketi juu ya tofali, bega kwa bega. Ameniuliza mara nne kama si kweli kwamba usiku nililala nyumba ile pale, yenye Mama Josephina mlangoni. Nimemjibu kuwa hafahamu mambo ya posa.

Saa sita gari la Leonard liliwasili. Walizungumza. Nikasimama, nikapunga mikono yote miwili. Basi likapita. Lori. Basi. Upenyo ulipopatikana, Mama Josephina akapaza sauti, wauza matunda wote wakasikia. Amemwomba Leonard ampe miezi mitatu. Kuna mtu, alisema, bado anavuka barabara.

Leonard akanitazama kwa makini. Akanipungia. Kijana muungwana sana.

Miezi mitatu! Fransisko anasema twende tu hadi kwenye kivuko cha pundamilia pale stendi, hatua mia tatu, tuvuke na abiria. Nimemshukuru kwa wazo lake. Lakini miezi mitatu yatosha kabisa kuiandikia serikali barua nzuri ya kuomba daraja la kupita juu. Aya ya kwanza iko tayari. Ni ya kuomba radhi.