Simwombi Leonard Sugden

Jumanne, 7 Mei

Nimerudi kutoka kwa daktari wa mifugo. Marigold nimemlaza kapuni, karibu na jiko.

Naandika kwa ajili ya watakaoisoma shajara hii nikishakufa. Marigold ni fereti wangu. Jike, miaka miwili, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Mrefu kama soksi. Ukimweka karibu na kicheche wa porini utasema ni ndugu, ila huyu analelewa nyumbani na anajua jina lake. Nina na mdogo wake, Primrose, lakini Primrose bado mtoto.

Marigold yuko kwenye joto tangu mwanzo wa Aprili. Wiki ya tano sasa. Fereti jike akishaingia joto hatoki mwenyewe mpaka apandwe. Asipopandwa, damu inaanza kumwishia mwilini, siku hadi siku, mpaka anakufa. Daktari Farrar alimfunua mdomo akanionyesha fizi. Zilitakiwa ziwe nyekundu. Zimefifia. Na mkia umeanza kunyonyoka. Akasema ana wiki moja, labda siku kumi.

Alitaka kumdunga sindano ya kuzima joto papo hapo. Nikakataa. Sindano ile inaweza kuacha baka, manyoya yakabadilika rangi, na maonyesho ya fereti ya bonde ni tarehe kumi na nane. Daktari akasema basi Bwana Pickersgill, nenda kwa Leonard Sugden ukamwombe Brigadia, na uende leo hii.

Nilijua tu atasema hivyo.

Jumatano, 8 Mei

Sikwenda.

Brigadia ni dume la Leonard. Mirija yake ya mbegu imefungwa na daktari. Anapanda kama kawaida, joto la jike linazimika, lakini watoto hapati. Bonde zima lina dume mmoja tu wa namna hiyo. Desturi inajulikana tangu enzi za baba zetu. Huombi kwa simu, huombi kwa barua. Unakwenda mwenyewe mpaka mlangoni, na keki ya tangawizi mkononi, unasema: tunamkaribisha Brigadia chai. Basi. Maneno matatu.

Mimi kwa Leonard Sugden sisemi hata moja. Septemba iliyopita, kwenye maonyesho, mbele ya watu arobaini, alimnusa Marigold akasema, Horace, huyu unamwogesha kila siku, ndiyo maana ananuka. Eti fereti akioga sana mafuta ya ngozi yanatoka, mwili unatengeneza mengine, harufu inazidi. Ujinga mtupu! Ninamwogesha kwa sabuni ya maua ya mrujuani, ya bei. Tukawa wa tatu. Fereti walikuwa watatu.

Nilijitoa kwenye chama cha wafuga fereti siku ile ile. Kwa barua ya kurasa sita. Mwenyekiti hajajibu mpaka leo. Mwenyekiti ni Leonard.

Lakini nimepata njia! Kinachowasha joto la fereti ni mwanga. Siku zikirefuka, joto linapanda. Sasa nikizifupisha? Nimefunika kibanda chake kwa mablanketi matatu ya Winifred. Kwa Marigold, sasa ni Desemba, mwezi wa siku fupi.

Alhamisi, 9 Mei

Dada yangu Winifred hana subira na sayansi. Amenikuta bandani nimevaa koti zito na skafu, nikizungumza kwa sauti ya chini kuhusu theluji. Akauliza nimerukwa na akili au vipi. Nikamwomba asitaje mwezi mbele ya Marigold.

Akayavuta mablanketi yote kwa mkupuo mmoja. Marigold alikuwa amelala kifudifudi, miguu imetanuka, anahema kwa mdomo wazi. Winifred akamfunika kwa kitambaa cha maji. Akanisema nusu saa nzima. Kwamba fereti havumilii chumba cha moto, hilo hata watoto wa shule wanalijua. Kwamba mimi ni mzee mzima, nimejenga kuta za mawe bonde zima miaka arobaini, na sasa namchemsha mnyama mgonjwa kwa sababu ya kiburi.

Si kiburi. Ni msimamo.

Jioni niliacha kalamu yangu sakafuni makusudi. Marigold ni mwizi tangu utoto. Ameshaiba kizibo cha bafu, miwani yangu, kijiko cha chumvi, vyote anavificha chini ya kabati. Leo aliitazama kalamu. Akageuza kichwa akalala.

Jumamosi, 11 Mei

Mpango wa pili. Winifred aende na keki, aseme Marigold ni wake.

Alikwenda saa nane. Alirudi saa kumi na nusu! Amecheka njia nzima, nilimsikia tangu getini, na kwapani ana fungu la kitunguu majani kutoka bustani ya Leonard. Keki wameila. Wote wawili. Vipande vinne vinne, na chai.

Na Brigadia je? Leonard amesema, Dada Winnie, wewe hufugi fereti, wewe unafuga Horace. Mwambie mlango wangu hauna mbwa. Aje tu mwenyewe.

Nimesalitiwa na keki yangu mwenyewe.

Jumapili, 12 Mei

Kwa ajili ya Marigold nimejaribu. Ishuhudiwe.

Nilifika kwenye geti la Leonard mara tatu. Mara ya kwanza nilikumbuka sikuvaa tai. Nikarudi. Mara ya pili nilikuwa na tai, nikarudi kuibadilisha. Mara ya tatu Leonard alikuwa dirishani, ananitazama, akainua kikombe chake kunisalimia. Nikainama nikaanza kuukagua ukuta wa barabarani. Nimeukagua wote, mita sitini, jiwe kwa jiwe. Ukuta uko salama.

Jumatatu, 13 Mei

Fizi zimekuwa nyeupe kama mshumaa. Leo alitaka kutoka kapuni kunifuata jikoni. Miguu ya nyuma ikamkataa. Aliyumba, akakaa chini, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye ninayejua la kufanya.

Nimelia. Naandika kwa sababu Winifred aliniona na atawaambia watu.

Hakunicheka. Alikaa nami sakafuni, yeye na magoti yake mabovu. Akasema, kaka, huyu hakukutukana. Aliyekutukana ni Leonard. Mbona anayelipa ni huyu? Kisha akatoa amri. Mpaka kesho jioni, Brigadia asipokuwa ndani ya nyumba hii, yeye atambeba Marigold kwa Farrar kudungwa sindano, na maonyesho yatajijua.

Kesho ni Jumanne. Jumanne saa nane hadi saa kumi Leonard anapiga tarumbeta kubwa kwenye bendi ya kijiji.

Naam.

Jumanne, 14 Mei

Nimefaulu! Nimefaulu!

Nilipita nyuma, kupitia malisho ya kondoo, na kofia ya Winifred ya bustani ili nisitambulike. Bendi ilisikika mpaka malishoni, ingawa tarumbeta kubwa sikulisikia. Upepo, nadhani. Nilibeba nyundo na patasi kwa ajili ya komeo la banda la Leonard. Sikuvihitaji. Komeo lilikuwa wazi! Bahati ya pili: Brigadia alikuwa tayari ndani ya sanduku la safari, ametandikiwa majani makavu, kifuniko kimefungwa kwa kamba, na pembeni yai limewekwa kwenye kikombe. Nilichukua na yai. Pazia la jikoni kwa Leonard lilitikisika, lakini paka wapo kila nyumba.

Dakika ishirini nikawa nyumbani. Niliwakutanisha bandani. Sitaelezea. Fereti hawana adabu kwenye jambo hilo. Dume humkamata jike shingoni akamburuta huku na huku, na kelele zake ni za mtu anayeuawa. Nilitoka nje. Winifred akaongeza sauti ya redio. Ilikuwa ibada.

Jioni nikabadilisha majani ya sandukuni. Chini yake palikuwa na karatasi. Nainakili.

"Horace. Yai moja kila asubuhi. Mwache siku mbili, saa moja haitoshi. Mrudishe Alhamisi saa nane, mlango hautafungwa. Usimwogeshe. L."

Nilikaa kwenye ngazi kwa muda mrefu na karatasi ile. Nilikaribia kabisa kwenda kule. Nilikwisha vaa kiatu kimoja.

Kisha nikasoma tena neno la mwisho kabla ya herufi. Usimwogeshe! Mtu ana dharau, huyu! Mpaka ndani ya sanduku!

Nikakivua kiatu.

Alhamisi, 16 Mei

Nimemrudisha Brigadia saa nane kamili. Safi. Nimemwogesha mara mbili jana na mara moja leo, kwa sabuni ya mrujuani, kama heshima. Alining'ata kidole gumba, akakishikilia mpaka Winifred alipomwaga matone ya maji baridi puani pake. Nimefungwa bandeji.

Winifred alitaka kuacha keki bandani kwa Leonard. Nikamkataza kabisa. Ameiacha kule kule.

Jumamosi, 18 Mei

Maonyesho. Nimekwenda kama mtazamaji. Marigold hakuweza kushindana. Mkia wake mtupu kama wa panya, na ningemtoa kapuni Winifred angenitoa mimi nyumbani. Baka la sindano lisingefika hata ukubwa wa sarafu. Sitaki kulifikiria.

Brigadia ameshinda miaka mitano mfululizo. Leo mwamuzi alimwinua, akampigapiga mgongo, akasifu meno, akasifu macho. Kisha akamnusa. Akarudisha kichwa nyuma. Akawaambia watu dume huyu ananuka kuliko fereti wote aliowahi kushika, na chini yake kuna harufu ya maua ambayo hawezi kuieleza. Akampa nafasi ya pili.

Hema lote lilimgeukia Leonard. Leonard akanigeukia mimi. Nilikuwa mstari wa mbele, na bandeji kwenye kidole. Angeweza kusema. Neno moja tu, kwamba mnyama wake aliibwa, na nani alimwiba, na alifanywa nini. Nilijiandaa.

Akaja mpaka niliposimama, amempakata Brigadia wake, akaniuliza kwa sauti ya chini Marigold anaendeleaje.

Nikasema anaendelea.

Akasema ni vizuri. Akaondoka.

Nimejaribu tangu saa tisa kuelewa alikuwa na hila gani.

Jumapili, 19 Mei

Farrar alipita nyumbani, siku yake ya mapumziko. Uvimbe wa joto chini ya mkia umeanza kushuka. Fizi zina waridi kidogo pembeni. Akasema ningechelewa siku tatu zaidi angekuja na jembe. Akauliza Leonard alisemaje nilipomwomba. Nikajibu lilikuwa jambo baina ya waungwana.

Winifred alipaliwa na chai.

Ijumaa, 24 Mei

Naandika kwa penseli. Kalamu imeibwa!

Nilikuwa nimeiweka mezani, nikageuka kufunga dirisha. Nilipogeuka tena kalamu ilikuwa inavuka sakafu, kinywani mwa Marigold, kuelekea kabatini. Nikamwita mwizi. Akaiangusha, akatanua mdomo, akaanza kuruka upandeupande, mgongo ameukunja, anajigonga kwenye miguu ya kiti, akaanguka, akainuka, akaruka tena. Ngoma yao ya furaha. Sikuwa nimeiona tangu Machi. Nilikaa sakafuni nikamwachia kalamu. Nilimwachia na kikasha cha miwani. Winifred akanikuta pale akauliza nina nini machoni, nikamwambia ni vumbi la kabati, yeye ndiye asiyefagia.

Mungu anisamehe, nilikaribia kumpoteza.

Alhamisi, 30 Mei

Siku ya huzuni. Asubuhi nimemkagua Primrose. Dalili zile zile. Ameingia joto.

Nimefikiri kwa utulivu, kama mtu aliyepitia mengi. Sindano haiwezekani. Septemba kuna maonyesho mengine, na mwaka huu Primrose ndiye tumaini langu. Leonard? Simwombi. Mtu aliyenituhumu mbele ya watu arobaini, kisha akanituhumu tena kwa maandishi.

Winifred siku hizi anakunywa chai kwa Leonard kila Jumanne baada ya bendi. Juzi alimweleza kila kitu kuhusu Primrose, hata kabla mimi mwenyewe sijajua! Nyumba yangu haina siri.

Saa tisa nilipita nyuma kwa Leonard, kwa matembezi tu. Komeo wazi. Sanduku liko mlangoni, majani mapya, yai kwenye kikombe. Mzembe sana yule. Uzee wote ule na hajajifunza kufunga mlango. Nilisimama pale kidogo, kisha nikamfungia komeo, nikaja zangu.

Nimechukua mablanketi ya Winifred kabatini. Safari hii mawili tu.