Samaki Waliolelewa kwenye Joto

Jumatatu, 3 Juni
Nimeamka na wazo! Parokia inachimba bwawa kwa ajili ya familia zilizokimbia vita vya Djugu. Mwezi wa Julai itachagua mfugaji mmoja wa kuleta samaki wachanga. Tuko wawili: mimi Eugène, na jirani yangu Alexis. Alexis ana mabwawa matatu na kiburi cha mabwawa saba. Mimi nina moja, na akili. Samaki mchanga akikaa kwenye maji ya uvuguvugu, anakua haraka. Basi nimepanga mabeseni ya vitoto vya tilapia kuzunguka mbabula, jiko letu la makaa. Makala yamewaka vizuri.

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu Arielle amekuta makala yake ya jikoni yamekwisha. Akasimama mlangoni, akaangalia moshi.
“Eugène, weye unafuga samaki ao unapika supu?”
Nikamweleza kwamba hii ni sayansi. Akasema basi sayansi iende sokoni ikanunue makala.

Jumapili, 30 Juni
Ushindi! Vitoto vyangu vimefika urefu wa kidole. Vya Alexis bado ni kama punje za mpunga. Baada ya misa nikamkaribisha aje kuona. Akaona. Akainama, akaona tena. Raha tamu kabisa! Kisha akauliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, kama nitawasha mbabula hata ndani ya bwawa. Wivu tu. Mchana nikawahamishia bwawani.

Alhamisi, 11 Julai
Kuna shida. Maji ya bwawa ni ya baridi, lakini samaki wangu wanakula kama watu wanaofukuzwa. Natupa pumba, na kabla sijafunga gunia imekwisha. Na hawanenepi! Vichwa vikubwa, mikia myembamba.

Nimemwita Madame Régine, anayefundisha ufugaji. Akasema mwili wa samaki unajipanga akiwa bado mchanga. Hawa walizoea joto, miili yao ikajifunza kuchoma chakula upesi. Sasa wako kwenye baridi, lakini ule moto wa ndani haujazimika. Chakula kinaungua, nyama haipatikani. Nikauliza watasahau lini. Akajibu kwamba hajui kama watasahau.

Jioni tulikula sombe ya majani ya muhogo. Nikamtazama binti yetu Ketsia. Arielle alimzaa njiani, tulipokuwa tunakimbia kutoka Djugu, na mwaka wake wa kwanza wote ulikuwa wa kukimbia. Sasa ana miaka sita. Sahani imejaa, mlango umefungwa, hakuna anayemfukuza. Bado anameza bila kutafuna, mkono mmoja ukiilinda sahani. Kila siku namkaripia. Leo sikuweza. Nikasukuma sahani yangu mbele yake. Arielle akaniangalia, kisha akasukuma na ya kwake.
“Kula polepole, mama,” akamwambia. “Siye tuko hapa. Hatuende popote.”
Ketsia akatuangalia mmoja mmoja. Akatafuna. Kidogo.

Jumapili, 21 Julai
Parokia imemchagua Alexis. Samaki wake ni wafupi, lakini wanene kama wabunge. Akaja mwenyewe kunieleza, na gunia la pumba begani. Akasema nimsaidie kulinda bwawa la parokia, kwa sababu hajaona mtu anayekaa kuangalia samaki kama mimi. Nilitaka kukataa pumba ile. Samaki wangu walikuwa wanatutazama. Nikapokea.

Jumatatu, 22 Julai
Sikupata usingizi, nilikuwa nawaza. Madame Régine alisema kweli, na sasa nimeelewa somo lote. Kama joto la utotoni linamfanya samaki kuwa mlafi maisha yake yote, basi baridi je? Samaki asiyehitaji chakula kabisa! Hata Alexis hajawaza hivyo!

Asubuhi nimenunua barafu kwa Arlette, anayeuza maji ya baridi sokoni. Akauliza ni ya sherehe gani. Nikasema ni mambo ya wataalamu. Vitoto vipya viko kwenye beseni, barafu inaelea juu yao. Wametulia ajabu. Wengine wamelala ubavu. Tangu asubuhi hawajagusa hata chembe ya pumba.

Inafanya kazi!