Ushuhuda wa Jumbe

Jumbe wa Tanga hakuwahi kuuza kitu alichokijua. Alipogundua kwamba vijana wa Bertrams, mtaa wa wahamiaji alikohamia, wanaona haya kuulizia kliniki PrEP, vidonge vya kujikinga na virusi vya ukimwi, alikwenda madukani Fordsburg, akanunua katoni ya vitamini, akabandika lebo mpya na kuvaa koti jeupe. Msomaji asimlaani mapema. Koti lilikuwa limepigwa pasi.

"Hivi vinakinga ukimwi," alimwambia Murielle, msusi wa Kikongo, mlangoni pa saluni yake.

"PrEP ama PEP?" Murielle aliuliza kwa upole.

"Ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Unameza kabla, unameza baada, ukipenda hata katikati."

Murielle aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mtiifu. "Kaka Jumbe, kwa kwaya yetu vijana ni bengi, bote banataka. Lakini sisi ba kanisa, kitu bila ushuhuda hatuamini. Kuya Jumamosi, ushuhudie."

Kushuhudia ni kuongea, na kuongea kwa Jumbe ni kama kupumua. Jumamosi akafika uwanja wa kanisa na katoni yake. Kwaya nzima ilimngoja, na pembeni liliegeshwa gari la kliniki.

"Hatusikilize mudomo tupu," alisema Glody, kiongozi wa kwaya. "PrEP habakupe mpaka upimwe kwanza. Ingia, upimwe, utoke umeze mbele yetu."

Jumbe alirudi nyuma hatua moja. Tangu aondoke Tanga hakuwa amepima, na majibu aliyaogopa kuliko polisi wa uhamiaji. Lakini kwaya ilianza kumwimbia, na tamaa ya wateja wote wale ikampandisha ngazi.

Alitoka analia huku anacheka, ameshika kichupa.

"Sina," alisema. "Jamani, sina virusi. Miaka yote hii nimejitesa bure. Na hii ndiyo PrEP yenyewe, kidonge kila siku, kabla ya hatari. Ukishateleza, hiyo ni PEP, kimbia kliniki siku hiyohiyo, zisipite siku tatu. Na wanatoa bure, wallahi, bure kabisa."

Neno la mwisho lilikuwa limeshamponyoka. Kwaya ikaitikia amina, ikapanga foleni ndefu kwenye gari. Kwenye katoni hakusimama mtu.

"Gari niliita mimi," Murielle alimnong'oneza. "Kujua dawa iko kliniki, bote banajua. Kulikosa tu mutu wa kuingia wa kwanza."

Jumbe alijaribu kukasirika, furaha ikamzidi nguvu.

"Wiki ijayo linaenda mtaa wa Doornfontein," Murielle akaendelea. "Utakuya kushuhudia?"

"Wanalipa?"

"Hapana."

Jumbe akavua koti jeupe, akalikunja.

"Saa ngapi?"