Chachu ya Shemeji Jelimo

Jumatatu, 7 Agosti 2006. Kitale.

Senge Sellah, dada wa marehemu baba, amepiga simu kutoka Bungoma. Magoti yamekataa. Hoteli yake ya chai anataka kumwachia mtu wa ukoo, pamoja na tanuri la matofali alilojengewa na mumewe. Tunaolitaka ni wawili. Mimi, Wepukhulu, niliyepikia shule moja hapa miaka sita hadi wakasema inatosha. Na Jelimo, mke wa binamu yangu Jotham. Jumamosi kila mmoja aende kwake Bungoma aoke mkate wa ndizi. Mkate mtamu ndio unaopewa tanuri.

Nimekaa mlangoni mchana kutwa nikitazama mvua ikitembea juu ya mahindi. Nikajiona mbele ya tanuri lile, aproni nyeupe, watu wamenyamaza wakisubiri nikate. Sikupika chochote. Sikusikia njaa.

Jumanne, 8 Agosti.

Nimekwenda kwa Jelimo kuchunguza. Mkate wake una ukali fulani mtamu, na siri iko ndani ya mtungi ulio juu ya kabati. Nilipanga kuchota kijiko kimoja akienda mferejini. Hakwenda. Akauliza mbona natazama kabati. Nikasema naona nyufa. Akacheka, akateremsha mtungi, akanijazia nusu chupa.

Ni chachu. Unga wa ngano na maji, basi, vimeachwa vichachuke vyenyewe. Alianzisha baba yake akiwa mpishi wa shamba moja Endebess. Akaniagiza niilishe unga kidogo kila asubuhi, nisikaze kifuniko kwa sababu inapumua. Siku ya kuoka niichanganye na ndizi zilizoiva hadi kuwa nyeusi, mayai, sukari, na kijiko kidogo cha soda ya kuokea. Hakuna kungoja uumuke. Unachanganya, unaoka.

Nimerudi nikiwaza. Nani humpa mshindani wake siri bure? Amegeuza maelezo. Nitafanya kinyume.

Alhamisi, 10 Agosti.

Kifuniko nimekikaza hadi kiganja kikauma. Nalisha mara nne kwa siku, na sukari juu. Asubuhi yote nimetazama mapovu kupitia kioo. Moja linavimba polepole, linang'aa kama jicho la ndama, linapotea, lingine linakuja. Nimechagua jina la hoteli: Wepukhulu na Wana. Sina wana. Watakuja.

Ijumaa, 11 Agosti. Bungoma.

Nilipata lifti kwenye lori la mahindi. Dereva, Kibiwott, mtu mpole. Jua la dirishani, chupa mapajani, mimi nusu usingizini. Karibu na Webuye akauliza nimebeba nini. Kifuniko kikajibu kabla yangu. Kiligonga paa. Kilichofuata kilimpata usoni.

Akasimamisha lori, akajipangusa nyusi. "Bana, ni nini hii umenipaka?"

Nikasema ni chachu ya mkate. Akalamba kidole, akakubali kuwa ni tamu, kisha akaniomba nishuke.

Vimebaki vijiko vitatu, ukihesabu nilichokwangua kwenye shati. Jelimo alishafika. Alitazama shati, akauliza kama nilikaza kifuniko. Nikasema barabara ni mbaya. Akajitolea kunigawia yake. Nikakataa. Mtu ana heshima yake.

Jumamosi, 12 Agosti.

Soda sikununua. Jikoni kwa Senge kulikuwa na magadi ya kulainishia mboga ya murere. Nikaona magadi ni magadi, na kwa kuwa chachu ni kidogo nikatia vijiko vitatu vikubwa.

Jelimo kuni zilimshinda, moshi ukajaa. Moto nikawasha mimi. Huo naujua, nimewashia watoto mia nne. Nikakaa mbele ya makaa, joto usoni, nikasahau kabisa kwamba tunashindana.

Senge alikula kipande cha Jelimo amefumba macho. Akaomba cha pili. Wangu ulikuwa na rangi ya tofali. Alitafuna muda mrefu.

"Mwanangu, umenikumbusha murere wa mama," akasema.

Nikauliza kama hilo ni jambo zuri. Akasema murere ni mboga tamu sana, lakini huliwa na ugali.

Tanuri limekwenda kwa Jelimo. Nikatoka nyuma ya jiko, nikalia kidogo, nikisingizia moshi. Jelimo akanifuata.

"Shemeji, mkate wangu umeiva vile kwa sababu ya moto wako. Mimi siuwezi huo moto. Si ubaki tufanye pamoja?"

Nikasema nitafikiria. Nilifikiria hadi alipofika mlangoni, nikamwita.

Jumatatu, 14 Agosti.

Siku yangu ya kwanza. Ukungu juu ya miwa, makaa mekundu, harufu ya ndizi inazunguka kama inatafuta mtu. Sijawahi kuwa na asubuhi nzuri hivi.

Jelimo alipokwenda sokoni aliingia mwalimu mmoja, Viola. Akala vipande viwili, akauliza mwenye hoteli ni nani. Nikasema ni mimi. Akauliza kama tunaoka keki za harusi. Nikasema hiyo ndiyo kazi yetu hasa. Anaolewa Jumamosi hii, wageni mia tatu, anataka keki ya ghorofa nne. Nimekubali. Nimemwongezea ya tano kama zawadi.

Jelimo nitamwambia Ijumaa jioni. Nikimwambia mapema ataharibu mpango.