Mita Kumi na Tano Kutoka Lami

Jumatatu, 3 Juni
Kama yupo mtu barabara hii anayejua majengo kunishinda, basi hajazaliwa, na mama yake afikirie mara mbili. Niliishia darasa la sita, kweli. Shule iliishiwa na vya kunifundisha.

Leo Shangazi kaletewa barua na ofisi ya mipango miji. Yeye ni fundi cherehani, duka lake linatazama barabara kuu. Kanuni mpya hizo! Ukuta wa mbele usiwe mtupu, uwe na madirisha. Duka likae mita kumi na tano kutoka ukingo wa lami. Bango lisizidi mita moja. Mbele pawe na miti miwili. Mkaguzi anakuja Ijumaa, na asiyetimiza anafungiwa. Shangazi kashika kichwa. Ana sare sitini za shule za kukabidhi wiki ijayo. Akifungiwa, kazi inakwenda kwa fundi mwingine.

Alitaka kutoboa dirisha moja, basi. Dirisha moja! Nikamwambia tusogeze ukuta wote mbele mpaka mwisho wa ruhusa, duka lipanuke, sare zipate pa kupumua. Akaniuliza, una hakika, baba? Nikacheka tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimepima mwenyewe. Fundi mwashi alitoa futi yake ya chuma, nikamwambia airudishe mfukoni. Nina tepu ya Shangazi, iliyopima viuno vya mtaa mzima bila kukosea. Nikailaza chini mara kumi kutoka kwenye lami. Mita moja na nusu mara kumi, kumi na tano. Hapo hapo nikapiga mstari. Sentimita moja sikupoteza!

Jirani yetu Kinyozi naye anajenga. Mstari wake uko nyuma ya wetu hatua nzima. Mwoga huyo! Akanipigia kelele, eti dogo, umepima kwa tepu au kwa ulimi? Nikamjibu ashughulike na vichwa, majengo yana wenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Ukuta umefika kifuani. Madirisha mawili, kama macho ya bibi harusi.

Kanuni inasema bango lisizidi mita moja. Haisemi mangapi. Nimetundika manne.

Miti sikupata. Nimekata matawi mawili makubwa nyuma ya nyumba, nikayachimbia mbele. Shangazi akasema hayana mizizi. Nikamwuliza kama mkaguzi anakuja na jembe. Akarudi kwenye cherehani yake. Watu wengi hurudi kazini nikishatoa hoja.

Alhamisi, 6 Juni
Ukuta umekwisha! Wapita njia wanasimama kutazama. Mmoja aliuliza kama hii ni benki.

Lakini duka la Kinyozi liko nyuma, letu mbele. Mtaa unaonekana kama meno ya mzee. Mmoja wetu kakosea, na mimi sikosei. Nikaiandikia ofisi barua kuwa Kinyozi kapinda, wapime maduka yote mawili kwa makini. Barua ya siri, sikuandika jina. Nikatia sahihi tu, isije ikadhaniwa ni ya mtu wa ovyo.

Ijumaa, 7 Juni
Mkaguzi kaja na barua yangu mkononi. Akasema hakukusudia kupima, angetazama madirisha na kuondoka, lakini kwa kuwa mwananchi kaomba, atapima. Unaona uzito wa kalamu yangu!

Kwa Kinyozi: kumi na tano na vidole viwili. Kwetu: kumi na nne.

Nikasema futi yake mbovu. Nikatoa tepu. Akailaza kando ya yake. Yangu inaanzia sentimita ya kumi! Shangazi akanong'ona kuwa ilikatwa kichwa na mkasi zamani, kila anayeshona hapa anajua, ukipima unatoa kumi. Mbona sikuambiwa? Kumi mara kumi, mita kamili. Hesabu zangu hazikuwa na dosari.

Mkaguzi akashika tawi moja, likang'oka. Akaliweka chini polepole, kama maiti. Duka limefungwa mpaka ukuta ubomolewe.

Jumamosi, 8 Juni
Kinyozi mwenyewe kaja asubuhi, kabeba cherehani ya Shangazi mabegani, kaiweka kwake kati ya viti viwili. Sare zinashonwa huku nywele zikianguka. Sasa kola zote zinawasha. Shangazi kasema zitakwisha kwa wakati. Kinyozi akaniambia, wewe mbunge wa barua, shika ufagio. Ndiyo shukrani! Bila barua yangu, hawa wawili wangeshirikiana lini?

Tena nimeshapata njia. Kanuni inahesabu mita za ardhini. Juu haijasema kitu. Nitajenga ghorofa linalotokeza mbele, miguu nyuma, kifua barabarani. Nimeshaanza kuchora.

Ukuta sikukosea. Mabango sikukosea. Hata matawi yalihitaji mvua tu. Kosa lilikuwa moja. Jana mkaguzi aliuliza mbele ya mtaa mzima ni nani aliyepima. Shangazi akasema, ni mimi. Watu wakamcheka, fundi wa miaka ishirini asiyejua kupima. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nikatazama magari.